Siku Kobe Alipokwenda Mrama

Mbuzi iliruka saa tatu kasorobo asubuhi, tulipokuwa tunakata kona kutoka kisiwa cha Långholmen kuingia katikati ya mji wa Stockholm. Sisemi mbuzi mwenye ndevu. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mti mzito yenye ulimi wa chuma, aliyokuja nayo mama mkwe wangu kutoka Tanga ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga mbili. Ilitoka kabatini juu ya vichwa vyetu, ikapita baina ya sikio la mke wangu na kioo cha dirisha, ikatua kwenye dashibodi mbele yangu, ulimi juu. Nyuma yake ukafuata unga wa sembe, mfuko uliofunguliwa usiku wake kwa ajili ya ugali. Nikakanyaga breki. Breki nayo ikalifungua kabati la pili, na kabati la pili ndilo lililokuwa na nazi.

Ukungu ulipotulia tulikuwa watu sita weupe kama mizuka, tumesimama katikati ya njia, na nazi moja bado inabingirika taratibu kuelekea mlangoni. Nyuma yetu basi la abiria lilikuwa linasubiri. Dereva wake hakupiga honi hata mara moja. Alitutazama tu kwa utulivu, mikono juu ya usukani. Afadhali angepiga.

"Hakuna aliyeumia?" nikauliza.

"Hakuna," akajibu baba mkwe wangu, akikung'uta kofia yake ya viua. Kisha akakohoa kidogo, akanyamaza. Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia siku tano kabla, Hamburg, na sikukielewa.

Hamburg ndiko tunakoishi. Wakwe zangu walipopata viza ya kututembelea majira ya kiangazi, mke wangu alitaka wapumzike nyumbani, wapelekwe bandarini kutazama meli, basi. Mimi nikajitia ukubwa. Nikakodi gari-nyumba: lile gari lenye vitanda, jiko, choo na meza ndani yake, ambalo Wazungu hulitembeza kiangazi chote kama kobe na gamba lake. Watoto wakaliita Kobe, na jina likaganda. Kobe alikuwa na urefu wa mita 7, kimo cha mita 3, vitanda sita na mikanda sita. Safari yetu ilikuwa ya kupita Denmark, kuvuka kuingia Sweden, na kufika Stockholm kutembelea makumbusho, kwa sababu baba mkwe alikuwa baharia wa majahazi, naye alikuwa amesikia kwamba huko ipo meli ya kale iliyoinuliwa kutoka chini ya bahari.

Sasa hesabu. Leseni yangu ya kawaida hainiruhusu kuendesha gari linalozidi kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo. Kobe akiwa mtupu alikaribia kilo 3,000. Zilizobaki ndizo zetu: watu sita, maji, gesi, nguo na chakula. Hesabu hiyo niliiona kwenye karatasi za gari, nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya sanduku la dashibodi pamoja na akili yangu.

Mama mkwe alikuja na imani moja isiyotikisika, kwamba Ulaya hakuna chakula, kuna vitafunio. Akapakia mbuzi yake ya nazi, kinu kidogo cha vitunguu saumu na mchi wake, sufuria tatu, chungu cha udongo na birika. Kutoka duka la Waafrika akanunua mchele kilo 25, unga, maharage, mihogo na nazi kumi na mbili. Nilipopendekeza vitu vizito viwekwe chini, chini ya viti, akanitazama kwa huruma. "Chakula hakiwekwi mahali pa kurukwa na miguu, baba," akasema. "Na hapo chini ndipo nitakaposwali."

Basi vyote vikapanda juu. Mchele ukalala kwenye kitanda kilicho juu ya kichwa cha dereva. Sufuria, kinu, mbuzi na nazi vikaingia kwenye makabati ya darini. Nani wa kumwambia mama mkwe ashushe nazi zake? Mimi? Huko kwetu mkwe hubishana na mkwe kwa kuinamisha macho, na mwenye kuinamisha macho haoni kabati.

Mimi nami nikaongeza langu. Tangi la maji safi la Kobe liko chini kabisa, karibu na magurudumu, nalo huchukua lita 120, yaani kilo 120 za maji. Nikajisemea kwamba maji hayo yatanilia dizeli bure na maji yako kila mahali Ulaya. Nikafungua koki, nikayamwaga yote. Kwa ufupi, kizito chote nilikipandisha na chepesi chote nikakiacha chini, halafu nikajipongeza kwa kubana matumizi.

Mzee alimzunguka Kobe mara moja, mikono nyuma. Akaweka kiganja ubavuni mwake, akasukuma kidogo. Kobe akalala kushoto, akalala kulia, akarudi. Mzee akakohoa. "Mwanangu," akasema, "chombo kimependeza." Nikafurahi. Sikujua kwamba baharia akikuambia chombo kimependeza na asiongeze neno, amekwisha kukitukana.

Kwenye njia ya Øresund, ile ya handaki, kisiwa cha kutengenezwa na daraja, inayoiunganisha Denmark na Sweden tangu mwaka 2000, upepo ulitupiga ubavuni. Kobe akaanza kwenda mrama kama mashua ya Pemba wakati wa kusi. Mke wangu akasema, "Punguza mwendo, linalala." Nikamjibu kwamba huo ni upepo tu. Mwanangu wa miaka saba akasema, "Baba, tunapinduka?" Akaambiwa ale ndizi yake. Nyuma nikasikia tasbihi ikihesabiwa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Ndivyo tulivyofika Stockholm Ijumaa jioni, tukalala kwenye egesho la magari-nyumba huko Långholmen. Kisiwa hicho kilikuwa na gereza kubwa hadi mwaka 1975, na jengo lake sasa ni hoteli. Mama mkwe aliposikia hayo aliuliza mara mbili: watu wanalipa pesa zao, kwa hiari yao, wakalale kwenye seli? Akaomba Mungu atunusuru, akakuna nazi.

Na asubuhi yake ndipo mbuzi iliporuka.

Tulifagia unga, tukaokota nazi, tukamwomba radhi dereva wa basi kwa ishara. Mke wangu alishauri turudi tumwache Kobe egeshoni, twende kwa tramu au kwa kivuko, maana kisiwa cha Djurgården, penye makumbusho, hufikiwa kwa vyote viwili. Nikakataa. Mama ana magoti mabovu, nikasema, na chai iko ndani ya gari. Tena nilikuwa na fahari yangu ya siri. Stockholm hutoza kodi ya msongamano: kamera hupiga picha namba ya kila gari linaloingia katikati ya mji, na bili humfuata mwenye gari hadi kwake. Lakini Jumamosi haitozwi. Nami niliichagua Jumamosi makusudi! Nilijiona mjanja wa mji ambao sikuwa nimekaa hata saa kumi na tano.

Kwanza nilimpeleka Kobe kwenye mlango wa egesho la chini ya ardhi. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu, aliyekaa nyuma yangu na simu mkononi, akasema kwa upole, "Baba, pale pameandikwa mita 2.10." Nikamwambia Waswidi huandika kwa tahadhari. Tulisimama paji la Kobe likiwa limebakiza unene wa chapati kufika kwenye boriti. Nyuma yetu kulikuwa na magari manne. Kuwarudisha nyuma Waswidi wanne, mmoja mmoja, wote wakiwa wapole, ni adhabu ambayo simwombei adui yangu.

Hatimaye nikapata nafasi pana kwenye mtaa wa Östermalm, mwendo mfupi kutoka daraja la Djurgården. Bango la egesho liliandikwa 8–18, kwa saa za Kizungu, na chini yake, ndani ya mabano, 8–15. Binti akakohoa. Kikohozi cha babu yake hicho hicho. "Baba, nimesoma hapa: saa zisizo na mabano ni siku za kazi, zenye mabano ni Jumamosi, na nyekundu ni Jumapili. Leo tunalipa mpaka saa tisa alasiri."

Nikamweleza kwamba shuleni tulifundishwa kuwa kilicho ndani ya mabano ni nyongeza tu, ukikiruka sentensi haiharibiki. Na kwamba alama za barabarani ni mambo ya watu wenye leseni. Nikafunga milango, nikampa mama mkwe mkono, tukaondoka.

Ukivuka daraja la Djurgården, kulia unakutana na jumba la Nordiska museet, lenye minara kama kasri, lililofunguliwa mwaka 1907. Mzee hakulitazama. Macho yake yalikuwa nyuma ya jumba hilo, ambako milingoti mitatu ilikuwa imesimama juu ya paa la shaba. "Chombo kimo ndani ya nyumba," akasema, akakaza mwendo. Mzee wa miaka sabini na minne, tukamkimbilia.

Makumbusho ya Vasa, ndiyo hiyo meli ya kale, yana giza na ubaridi wa makusudi, kwa sababu mbao za kale haziutaki mwanga wala joto. Watoto wote waliingia bure, wakubwa tukalipa. Kisha macho yakazoea giza, na meli ikatokea mbele yetu nzima nzima. Si vipande wala mfano, ni meli yenyewe, nyeusi, ndefu mita 69 kutoka ncha ya mlingoti wa omo hadi tezi, tezi yenyewe ikipanda juu kama ghorofa na kujaa simba, wafalme na malaika wa kuchonga. Inasemekana asilimia 98 ya unayoiona ni mbao zake za asili. Mama mkwe akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Mzee hakusema kitu. Alitembea kutoka omo hadi tezi, akashuka ngazi hadi chini kwenye mkuku, akapanda tena hadi juu, akashuka. Nilipomkaribia aliniuliza swali moja tu.

"Farumi yake ilikuwa kiasi gani?"

Farumi, kwa msomaji aliyekulia bara, ni ule uzito wa mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ya chombo ili kisimame wima majini. Binti akasoma: tani 120 hivi za mawe. Mzee akatazama juu, kwenye safu mbili za matundu ya mizinga, moja juu ya nyingine. Mizinga 64, mingi ikiwa ya shaba nyeusi, na mikubwa zaidi kuliko kawaida kwenye safu ya juu.

"Haitoshi," akasema. "Na wasingeweza kuongeza. Wangeongeza mawe, yale matundu ya chini yangefika majini." Aliyasema hayo kabla binti hajafungua ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulisema hivyo hivyo.

Tukakaa kwenye benchi, binti akatusomea kisa chote, nami natamani angesoma taratibu zaidi ili nijiandae. Mfalme Gustav Adolf alikuwa vitani na Poland. Akaagiza meli kubwa, yenye mizinga mingi, na ijengwe upesi. Fundi mkuu alikuwa Mholanzi, Henrik Hybertsson. Aliugua, akafa mwaka 1627 kazi haijaisha, msaidizi wake akaimalizia. Kwenye mabaki zimeokotwa rula nne za mafundi: mbili za futi ya Kiswidi yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Ubavu mmoja wa meli ukawa mzito kuliko mwenzake.

"Ni kama kupima mchele kwa vibaba viwili visivyolingana," akasema mama mkwe. "Wali utakuwa bokoboko."

Kabla ya safari, meli ikiwa imefungwa gatini, nahodha alifanya jaribio mbele ya makamu admirali Klas Fleming. Wanaume 30 walikimbia sitahani kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kwa pamoja. Walipokimbia mara ya tatu meli ilikuwa inalala vibaya mno, na admirali akaamuru waache, isije ikapinduka pale pale. Halafu? Halafu hakuna. Mfalme alikuwa mbali, anaandika barua za kuhimiza. Meli ikapewa ruhusa.

Jumapili, tarehe 10 Agosti 1628, watu wamejaa ufukweni kuangalia, Vasa ikafungua matanga machache. Matundu ya mizinga yaliachwa wazi kwa ajili ya saluti. Upepo mmoja ukailaza, ikainuka. Upepo wa pili ukailaza tena, maji yakaingia kwenye matundu ya chini, na meli ikazama mbele ya macho ya mji mzima. Ilikuwa imekwenda mita 1,300 hivi. Walikufa watu wapatao 30. Nahodha alikamatwa, baraza likakaa, likauliza kila mtu: wanamaji, mafundi, wapakiaji wa mizinga. Kila mmoja alikuwa amefanya alivyoambiwa. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Binti akafunga simu. Pakawa kimya. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, ambavyo bado vilikuwa na unga.

"Baba," nikamwambia mzee, "ulijua tangu Hamburg?"

"Nilijua nilipomgusa ubavu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, mimi ni mgeni ndani ya nyumba yako. Umetukodia gari, umetulipia tiketi. Nianze kukufundisha kupakia? Nikasema chombo kimependeza, nikategemea utaniuliza kwa nini nimekohoa."

"Na mimi nilikwambia darajani," akasema mke wangu. "Ukasema upepo."

"Mimi niliona linavyolala," akasema mama mkwe, "nikadhani ndivyo magari yao yalivyo. Na wewe ulinitajia viti mara moja tu, ukanyamaza. Ungeniambia nazi zitatuua, baba, ningezishusha. Ningeswali nimekaa kitini."

"Mimi nilisema tunapinduka," akamalizia mtoto wa miaka saba, "nikapewa ndizi."

Niliwatazama wote. Ndani ya Kobe mlikuwa na watu sita, na sita hao wote walikuwa wanajua. Mwishowe kila mmoja alifunga mdomo wake kwa adabu: mkwe kwa mkwe, mgeni kwa mwenyeji, mtoto kwa baba. Tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu kilikuwa na nahodha mmoja tu, na mabaharia watano wenye heshima nyingi kupita kiasi, na kilikwenda mrama vile vile.

Mzee alinionea huruma, akabadilisha mazungumzo. Aliuliza kwa nini meli hii haikuliwa na wadudu. Majahazi ya kwetu huchomwa moto chini na kupakwa deheni, juu hutiwa sifa ya papa, na bado wadudu wa baharini hutoboa mbao. Jibu ni kwamba maji ya bahari ya Baltic yana chumvi kidogo mno, na wadudu wale hawaishi humo. Kwa hiyo Vasa ililala matopeni miaka 333. Wazamiaji wa karne ya 17 walishuka ndani ya kengele ya kuzamia, wakachomoa zaidi ya mizinga 50, kisha watu wakaisahau. Mwaka 1956 mtafiti Anders Franzén, akitafuta kwa chombo cha kuchota vipande kutoka chini, akavuta kipande cheusi cha mwaloni. Wakachimba mahandaki sita chini ya mkuku, wakapitisha kamba za chuma, na tarehe 24 Aprili 1961 ikachomoza juu ya maji. Kisha ikanyunyiziwa dawa ya kuzuia mbao zisipasuke kwa miaka 17, na jumba hili likafunguliwa mwaka 1990.

"Sitini na moja," mzee akarudia. "Mwaka wetu wa uhuru. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, kazi yangu kumwaga maji ngamani, Tanga kwenda Pemba, Pemba kurudi Tanga. Kumbe sisi tunapandisha bendera, wenzetu wanapandisha meli." Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tulikwenda Skansen kwa sababu mama mkwe alikuwa bado hajaona nyumba ya mtu. Ni makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891, mlimani, na ndani yake zimehamishiwa nyumba za kale kutoka kila pembe ya Sweden. Aliyekiona Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam atalielewa wazo hilo mara moja. Ndani ya nyumba moja ya wakulima, mama aliyevaa mavazi ya kale alikuwa anaoka mkate mwembamba mbele ya moto wa kuni. Mama mkwe akasogea, akatazama, akanyoosha kidole: geuza, unaungua. Yule mama akageuza. Hawakuwa na neno moja la pamoja, wakaelewana kwa robo saa nzima. Wakati wa kutoka mama mkwe aliniita, akanionyesha sufuria za chuma za wale wakulima. Zote zilikuwa chini, karibu na meko. "Nimeona," akasema. "Usinitajie tena."

Shida ilikuja kwenye aiskrimu. Mama mkwe alikuwa amebadilisha euro zake kuwa krona, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaapa kuwa siku hiyo wajukuu watakula kwa mkono wake. Kijana wa kibandani akatikisa kichwa kwa adabu: kadi tu. Tukajaribu kibanda cha pili, kadi. Choo, kadi. Kwa muda mrefu nilijaribu kumweleza kwamba si dharau. Binti akaongeza chumvi kwenye kidonda: nchi hii hii ndiyo iliyotoa noti za benki za kwanza Ulaya, mwaka 1661, na sasa haizitaki. Bibi akamgeukia mjukuu wake wa kiume. "Mume wangu, pesa ya bibi imekuwa karatasi. Mwambie baba yako akununulie." Akazifunga tena pindoni, akazipiga mafundo mawili.

Magoti yake yalikwisha kuchoka, kwa hiyo tulirudi kwa tramu namba 7, ile niliyoikataa asubuhi. Ilichukua dakika chache, haikuyumba, na hakuna nazi iliyoanguka.

Kobe alikuwa pale pale. Chini ya kifutio cha kioo palikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Saa ilikuwa kumi na moja. Faini iliandikwa saa nane mchana, ndani ya mabano kabisa, na ilizidi bei ya tiketi zetu zote za Vasa. Binti aliisoma, akanikabidhi, akatazama juu mawinguni. Hakusema neno, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko faini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walisema. Mimi nilikuwa mkuu, na guu lilivunjika kwa kutosikia la mdogo.

"Sema," nikamwambia.

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia. Na kuanzia leo mabango yote ni yako."

Tuliporudi Långholmen hatukupika. Mzee alivua koti, akakunja mikono ya kanzu, akageuka serahangi. Tulisimama mstari mmoja kutoka kitandani juu hadi mlangoni, tukapokezana kama mabaharia wanaoshusha shehena: mchele ukashuka, maharage yakashuka, mihogo, sufuria, kinu. Alipanga mwenyewe chini ya viti, kizito katikati, chepesi pembeni, kulia sawa na kushoto, akivipima kwa mikono, maana kwake mizani ni kiwiko. Makabati ya juu yalibaki na nguo, mkate na majani ya chai. Mama mkwe alisimamia kwa jicho kali, akatandika kanga safi juu ya mchele ili usirukwe bila heshima. Mimi nikapewa kazi moja: bomba la maji. Nikajaza lita 120, nikiangalia mshale wa tangi ukipanda.

Mwishowe mzee akaweka kiganja ubavuni mwa Kobe, akasukuma. Kobe hakujibu.

"Je, Baba?" nikauliza. "Chombo kimependeza?"

"Kimekaa," akasema.

Tulivuka tena Øresund siku tatu baadaye, upepo ukivuma kama ule ule, na tasbihi ya nyuma ilihesabiwa kwa mwendo wake wa kawaida. Faini nimeilipa kwa kadi. Krona za mama mkwe zimo bado kwenye pindo la kanga, Tanga, zinasubiri aiskrimu. Na mbuzi ya kukunia nazi ilisafiri sakafuni, chini ya kiti changu, ulimi chini, hadi Hamburg.